Kutoka Nguzo Hadi Nguzo

Niliolewa Kimulot nikitoka Chebunyo, na kilichonishangaza kwanza si baridi, ingawa baridi yenyewe ilinitoa machozi mwezi mzima. Ni wingi wa makanisa. Kwetu, kule chini kwenye vumbi na ng'ombe, tulikuwa na kanisa moja la mabati. Tulipiga ngoma na kuimba mpaka mabati yakaitikia, na asiyependa kelele alibaki nyumbani. Kimulot nilikuta kilima kimoja kimebeba makanisa manne, kila moja na umbo lake, na waumini wa kila moja wakiamini kwamba Mungu akishuka ataanzia kwao.

La Wakatoliki lilikuwa juu kabisa. Lilijengwa kwa mawe ya kuchongwa, na mnara wenye kengele iliyokuja kwa meli, kisha kwa gari la moshi, kisha kwa mabega ya watu. Madirisha yalikuwa marefu na membamba, yenye vioo vya rangi, na jua la saa nne likipenya, sakafu ilipata madoa mekundu na ya buluu ambayo watoto walijaribu kuyakanyaga. Chini yake lilikuwapo la Wasabato, la mabanzi, zile mbao za pembeni ambazo kiwanda cha mbao huziuza rahisi kwa kuwa bado zina maganda ya mti. Karibu na soko walikuwapo Wapentekoste, mabati juu na mabati kando, kiasi kwamba mvua ikinyesha mhubiri aliketi akaiacha imalize mahubiri yake.

Chini ya yote, penye kona ya barabara ya chai, lilikuwapo kanisa la mama mkwe wangu. La matope.

Mara ya kwanza nilidhani ni ghala. Mume wangu alicheka mpaka akaegemea ua. Lakini nilipoingia ndani nilinyamaza, kwa sababu lilikuwa jengo zuri, na uzuri wake ulikuwa wa aina ambayo haijioneshi barabarani. Lilikuwa refu, lenye nguzo za mtarakwa zilizokatwa siku msitu wa Mau ulipokuwa bado unafika pale, nguzo ambazo hata mchwa walikuwa wamezikatia tamaa. Kati ya nguzo na nguzo walifuma mianzi, wakajaza udongo. Paa lilikuwa la nyasi zamani, baadaye likawa la mabati, na upenu ulitoka nje sana ili mvua ya Kimulot isiuguse ukuta. Milango ilikuwa miwili, wa wanawake kushoto na wa wanaume kulia. Viti vilikuwa magogo yaliyopasuliwa katikati, yamelainishwa na makalio ya miaka mingi. Kengele ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa kwa nondo. Ndani kulikuwa na harufu ya udongo mbichi na moshi wa nguo za watu waliotoka jikoni. Nimeingia makanisa makubwa tangu wakati huo, na sijawahi kuona jingine linalonukia kama nyumbani kwa mtu.

Ukuta wa upande wa wanawake ulikuwa na desturi yake. Kila mke aliyejiunga na kanisa lile alipewa sehemu yake, kutoka nguzo hadi nguzo, aikandike na kuitunza maisha yake yote. Hapo hapo ndipo alipoketi, mwisho wa gogo, bega lake likigusa kazi ya mikono yake. Kila mmoja alikandika kivyake. Mmoja alivuta vidole kama anayechana nywele. Mwingine alizungusha kiganja, akaacha nusu duara zilizopandana. Mwingine aliviringisha gunzi la mahindi juu ya udongo mbichi, mwingine alidonoa kwa kidole gumba. Mke akizeeka au akifariki, mke wa mwanawe alirithi sehemu hiyo pamoja na mwandiko wake. Ilikuwa marufuku kuubadilisha. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wamelala makaburini muda mrefu walikuwa bado wapo pale ukutani, wameshikiliwa na mabinti wa watu wengine.

Mimi nilirithi sehemu ya mama mkwe nikiwa na miezi michache tu ya ndoa, maana macho yake yalikuwa yamekwisha. Yalianza kuingia ukungu kabla sijaolewa, na walipompeleka hospitali waliambiwa wamechelewa. Alinifundisha mwandiko wake kwa kunishika kifundo cha mkono. Vidole vitatu, kuvuta chini, kisha kugeuza kidogo mwishoni kama mtu anayefunga mlango bila kelele. Nilikosea mara nyingi. Alipapasa kazi yangu, akaguna, akasema, "Hapa umekasirika. Rudia." Na ni kweli, nilikuwa nimekasirika. Mimi hasira zangu hazikai mbali.

Mtu asione ninamsifu kwa kuwa alikuwa kipofu. Alikuwa mkali, alinikosoa chai, ugali na hata namna ninavyofagia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo nilipomwona akilifanya niliacha hasira zangu zote mlangoni. Kila Jumapili aliingia kanisani peke yake. Hakushikwa mkono na mtu. Alipita mlango wa wanawake, akaweka kiganja ukutani, akaanza kutembea polepole, na mkono wake ukasoma. Penye nusu duara alinong'ona jina la mama mmoja. Penye gunzi akataja jina la mwingine, na kwa huyo alitabasamu kila mara, sikuambiwa kwa nini. Aliwasalimu wote, wazima na waliokufa, mpaka mkono ukafika kwenye vidole vitatu. Hapo akageuka, akaketi.

Siku moja barabara ilikuwa imeteleza, nikamshika kiwiko tulipofika mlangoni. Alijitoa mikononi mwangu.

"Hapana nishike," akasema. "Siku nitaingizwa nyumba ya Mungu na mtu mwingine, hiyo ni siku ya kubebwa. Hiyo itakuja tu. Hapana iharakishe."

Sikuiharakisha tena.

Baba mkwe alikuwa Mkatoliki. Alipokuwa kijana alikuja kumposa msichana wa kanisa la matope, na mzee mmoja wa kanisa akamtoa nje mbele ya watu kwa sababu alinuka tumbaku. Akaapa kwamba mguu wake hautaingia humo tena. Wakaoana hivyo hivyo, kila mmoja na kanisa lake, na nyumba haikuanguka. Kila Jumapili walitoka pamoja, yeye mbele na kofia yake, akikohoa ili mkewe aifuate sauti, mkewe nyuma akipitisha mkono juu ya michai ya kando ya njia, mimi nyuma yao na watoto wa shemeji zangu. Walipofika njia panda, yeye alipanda juu na mkewe akashuka. Hawakuagana. Yeye alisimama tu pale kidogo, akijifanya anatengeneza kiatu, kisha akaenda zake.

Sasa kuna mama mmoja lazima nimtaje, na nitamwita mama wa duka kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Wazazi wake walitoka Murang'a, hawakuwa Wakipsigis kama sisi, yeye mwenyewe alizaliwa upande wa Kedowa, na alikuwa na duka la unga, sukari na viberiti pale sokoni. Alisali kwa Wapentekoste. Alikuwa mnene, mkarimu, mwenye amri nyingi. Ukienda kununua chumvi alikuuliza mtoto amekula nini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walipochomeana nyumba kwa ajili ya kabila, kuna usiku alikimbia na watoto wake, na wanawake wa kanisa la matope wakamfungulia. Alikaa humo siku kadhaa. Wanawake walipokezana kukaa mlangoni wakifuma vikapu, na vijana waliopita kuuliza waliambiwa humo ndani kuna mgonjwa. Mama mkwe alikuwa mmoja wa waliokaa mlangoni. Duka liliponusurika na mambo yakatulia, hakuna aliyelizungumzia jambo hilo tena. Hata hivyo, tangu siku ile mama wa duka hakuwahi kumpimia mama mkwe sukari bila kuongeza kijiko.

Miaka michache baadaye kanisa la matope liliamua kufanya sherehe kubwa ya kumshukuru Mungu kwa umri wake. Mgeni mkubwa wa dhehebu angekuja, na makanisa yote ya kilimani yakaalikwa. Katika wale wasichana waliobeba maji ya kuchanganyia udongo siku lilipojengwa, aliyebaki hai alikuwa mama mkwe peke yake. Wazee walikuja nyumbani kumwambia kwamba siku hiyo ataingia wa mwisho, watu wote wakiwa wameketi, na wimbo utaanza akifika mahali pake. Akasema sawa, kana kwamba wameomba moto wa kuwashia jiko. Walipoondoka alinituma nikatoe kitambaa chake cheupe cha kichwa, kile cha Jumapili, sandukuni nikianike jua.

Kabla ya sherehe, sisi wanawake wa kanisa tulikwenda mkutano wa akina mama mbali, tukapakiwa kwenye lori, tukalala huko. Tuliporudi Jumamosi jioni tulikuta zawadi. Mama wa duka alikuwa amewakusanya wanawake wa makanisa mengine yote matatu. Walikuja na ndoo, samadi, majivu na ule udongo mweupe wa kutoka mtoni, wakakandika kanisa letu zima, ndani na nje, kwa siku moja. Wakatoliki walichukua mbele, Wasabato wakaharakisha wamalize kabla jua la Ijumaa halijazama na Sabato kuanza, Wapentekoste wakaimba. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, kutoka kona hadi kona, hauna hata alama ya kidole. Walikuwa wameusugua kwa mawe ya mtoni mpaka ukang'aa.

Mama wa duka alisimama mlangoni, udongo umemkaukia kwenye viwiko, anatuangalia nyuso.

"Mmefurahi?" akauliza. "Semeni ukweli. Ile mikwaruzo yote tumeondoa. Mgeni akuje akute kitu safi."

Tulimshukuru. Tungefanya nini? Wengine walilia, na yeye akadhani ni furaha, na kwa sehemu ilikuwa furaha, kwa sababu sijawahi kuona makanisa matatu yakiweka mikono kwenye ukuta wa la nne. Lakini niliona mama mmoja, mrithi wa ile sehemu ya gunzi, akipitisha kiganja mahali palipokuwa pa mama mkwe wake, akakirudisha, akakitia mfukoni.

Mimi niliwaza jambo moja tu, mkono wa mama mkwe kesho yake.

Jumapili mama mkwe aliingia kama kawaida, kwa kuwa nilikosa ujasiri wa kumwambia njiani. Akaweka kiganja ukutani. Akasimama. Akakisogeza juu, akakisogeza chini. Akarudi mlangoni akaanza upya, kama mtu aliyekosea hesabu. Kanisa lilikuwa linaimba, wengi hawakuona. Alitembea, mkono ukiteleza, midomo yake ikiwa wazi bila jina hata moja, akapita mahali pake, akapita kila mahali, mpaka goti lake likagonga meza ya mhubiri. Watoto wakacheka. Nikainuka.

Alisikia hatua zangu. "Kaa," akasema.

Mzee mmoja alimletea kiti, akaketi pale pale mbele, akiwa ametazamana na kanisa lote, mikono imelala mapajani. Alikaa hivyo ibada nzima. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke yule, nilikuwa nimemchukia siku nyingine, na asubuhi ile nilimpenda.

Jumapili iliyofuata alisema mguu unamsumbua. Sote tulijua mguu wake ni mzima kuliko yetu. Nilimfuata jikoni nikamwambia nitakwenda kwa mama wa duka nimweleze, au nichukue ndoo mimi mwenyewe nikakandike sehemu yetu upya, vidole vitatu, kazi ya asubuhi moja.

"Huendi," akasema. "Na huwezi gusa hiyo ukuta."

"Mama, sherehe inafika. Watu wanakungoja wewe."

"Watapata mwingine." Alikuwa anachambua maharage, vidole vikitupa yaliyooza bila kukosea. "Sikiliza. Yule mama alilala ndani ya hiyo ukuta na watoto wake. Akasikia watu wakipita nje na panga. Sasa amekuja ameipaka kama mtu anapaka mtoto mafuta. Wewe unataka kumwambia nini? Eti aliharibu?"

Niliapishwa mimi, wakaapishwa wake wa shemeji zangu, na wanawake wote wa kanisa wakapata ujumbe kwamba asiguse mtu ukuta ule. Alitukataza wote. Ila hakumkataza baba mkwe, kwa sababu nani angewaza kumkataza mwanamume wa Kipsigis asikandike ukuta? Ingekuwa sawa na kumkataza asinyonyeshe.

Baba mkwe Jumapili ile alitoka peke yake kwenda misa. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona amefika njia panda akasimama. Alisimama muda mrefu. Kengele ya juu ilipiga ikanyamaza. Kisha akageuka, akarudi nyumbani, akaketi nje ya nyumba na kofia yake kichwani, na hakula mchana.

Mimi na yeye hatukuwa tunaongea. Sisemi kwa ubaya, ilikuwa heshima. Mke wa mwana hakai karibu na baba wa mumewe, hamtazami usoni, na neno likilazimika linapitia kwa mtoto au kwa mtu wa tatu. Katika miaka yangu pale nilikuwa nimesikia sauti yake zaidi akikohoa kuliko akisema. Kwa hiyo asubuhi moja ya wiki ya sherehe, nikiwa nakamua, nilishtuka nilipoona viatu vyake upande wa pili wa ng'ombe.

Akampapasa ng'ombe mgongoni. Akamwambia ng'ombe, "Sijui hawa wanawake huwa wanaweka samadi kiasi gani kwa udongo."

Nikaendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanagonga ndoo kwa nguvu kuliko inavyofaa. Nami nikamwambia ng'ombe, "Samadi ni kidogo, udongo ni mwingi. Na majivu. Halafu wanakanyaga na mguu mpaka ishike."

"Na mkono?"

"Mkono unalowa maji kwanza, ndio isishikane na udongo."

Ng'ombe aligeuza kichwa akatutazama, kwanza yeye, halafu mimi. "Na kama mtu hajawahi hiyo kazi," baba mkwe akasema, "si ukuta itaanguka?"

"Haianguki," nikasema. "Apake tu."

Alikohoa, viatu vikaondoka. Nilibaki nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, nikicheka na kulia pamoja, na sikujua kipi kilikuwa kinatangulia.

Jumamosi mchana kweupe nilimwona akishuka barabara na ndoo iliyofunikwa gunia. Nilimfuata kwa mbali, nikajificha kwenye michai iliyonifika kifuani, nikijiambia kwamba natafuta kuni. Alipofika kanisani alisimama mbele ya milango miwili. Kisha akavua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, na mimi sikuwa nimewahi kuziona. Akaingia kwa mlango wa wanawake.

Niliona kupitia dirishani. Hakuuliza wala kutafuta; alikwenda moja kwa moja mahali pa mkewe, karibu na dirisha la pili. Nilishangaa alipajuaje, mtu ambaye hakuwa ameingia humo tangu alipotolewa nje. Nikageuka nikatazama alikotoka, na pale juu niliona njia panda waziwazi, na nikaelewa kwamba kutoka pale dirisha la pili huonekana, na mwenye kitambaa cheupe akiketi huonekana. Zile Jumapili zote kiatu chake hakikuwa na shida yoyote.

Alifanya kazi mbaya sana. Alirusha udongo, akaupiga kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe, ukaanguka, akauokota, akaupiga tena. Alipomaliza alinawa kwenye ndoo, akavaa kofia mlangoni, akaenda zake bila kuangalia nyuma. Nilipoingia nilikuta ukuta mweupe wa mama wa duka umebandikwa kitu kibichi, cheusi, kimejaa mabonge. Na hakikufunika sehemu yote. Ilikuwa ukanda tu, upana wa viganja viwili, kutoka nguzo hadi nguzo. Mikono iliniwasha niutengeneze. Nikajizuia.

Jumapili ilikuwa vurugu. Wageni walianza kuwasili, Wakatoliki na Wasabato na wenye ngoma zao, na mzee wa kanisa akauona ule uchafu. Akaleta kisu cha kukwangulia.

"Hii nani ameweka? Mgeni yuko kwa daraja saa hii! Toka, mama, nikwangue."

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukanda ule, mgongo ukutani, nguo yangu ya sherehe ikinywa udongo. "Mzee," nikamwambia, "ukikwangua hapa utaanza na mimi."

"Unajua ni nani alifanya?"

"Najua. Na sisemi."

Alinitazama, akautazama mgongo wangu, akaenda zake akinung'unika kuhusu wasichana wa Chebunyo. Mama wa duka alikuwa ameketi viti vya wageni. Aliuona ukanda nilipoondoka, na uso wake ukaanguka. Sikuweza kumweleza. Nilitoka mbio kwenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi kitandani, mguu wake mgonjwa ukicheza wenyewe. Nilimwambia twende. Akasema hapana. Nilimwambia sikugusa ukuta, wala mwanamke yeyote hakugusa, naapa kwa kichwa cha mtoto niliyembeba tumboni, lakini twende. Alitega sikio, akitafuta uongo katika sauti yangu. Akainuka, akaomba kitambaa.

Watu wote walikuwa wameketi tulipofika. Alisimama mlangoni peke yake. Akaweka kiganja ukutani, akaanza. Ukuta ulikuwa laini, laini, hauna mtu. Alipita pa nusu duara bila kutaja jina. Alipita pa gunzi. Hatua zake zikawa fupi, na nilijua anafikiria kurudi. Hata watoto waliocheka siku ile walikuwa wamekaza macho.

Mkono ukagonga bonge.

Akasimama. Akapapasa mbele, yakaja mabonge mengine. Akapeleka mkono juu, palikuwa laini. Akaupeleka chini, palikuwa laini. Akaurudisha katikati, na kiganja chake kikatua ndani ya alama ya kiganja kikubwa kuliko chake.

"Huyu si mwanamke," akasema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nyuma yake.

"Aliingia humu?"

"Aliingia, mama."

"Alivua kofia?"

"Alivua."

Mama wa duka alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuja mpaka pale, akautazama mkono, akatazama mlango, akatazama ukuta wote mweupe alioulainisha mwenyewe, na nikaona jambo lote likimwingia. Akashika mdomo. Alianza kusema pole, lakini mama mkwe alinyoosha mkono wa pili akamtafuta, akamkuta begani.

"Ukuta yenu ni mzuri," akamwambia. "Ni laini mpaka mimi niliteleza nikaenda kukaa na wahubiri." Wanawake wakacheka, mama wa duka akacheka na machozi yake. "Kaa hapa na mimi. Gogo ni refu."

Lakini yeye mwenyewe hakuketi bado. Alikuwa anapitisha mkono tena kwenye ukanda ule, mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Amepaka hapa tu," akaniambia. "Anajua mkono yangu hupita wapi."

Huko juu kengele ya Wakatoliki ilianza kulia. Kwa kawaida mama mkwe alimwita mzee, au baba ya watoto; miaka yote niliyoishi katika boma lile sikuwahi kumsikia akimtaja mumewe kwa jina. Aliinamisha uso karibu na ukuta, kama alivyofanya kwa wale wanawake wengine wote, akalitaja. Kisha akaketi, na wimbo ukaanza.